Una kitabu cha mapishi na viazi kilo moja? Anza hapa

Jamani, watu wengi sana wana kitabu cha mapishi ndani, wamepewa zawadi au wamekinunua kwa wauza vitabu vya mtumba pale Posta, Dar, wanakifungua wanaangalia picha alafu wanakirudisha kabatini. Ukiwauliza wanasema nilijaribu mara moja haikutoka kama kwenye picha nikaacha. Sasa mi nataka nikwambie kitu kimoja kabla hatujawasha jiko. Kitabu hakijui kiazi chako, hakijui moto wako wala hakijui kikombe chako. Aliyekiandika alikuwa na oveni yake na kiazi cha kwao, kwahiyo kazi ya kulileta pishi lake mpaka kwenye jiko lako ni yako wewe, na hiyo kazi inafundishika. Viazi ndo pa kuanzia, maana bei yake haiumizi, na vikiharibika leo kesho unanunua fungu lingine unarudia.

Nazungumzia viazi mviringo vya kusindikiza kitoweo. Kwetu kiazi kimezoea kuingia ndani ya kitu kingine, kwenye pilau, kwenye mchuzi wa nyama, kwenye rosti, au kinakuwa chakula chenyewe kama chipsi mayai. Kwenye vitabu vya wenzetu kinapikwa peke yake kwa heshima zake alafu kinakaa pembeni ya kuku au samaki. Ukijua kukipika hivyo, hata kile cha kwenye mchuzi utaanza kukielewa tofauti.

Hatua ya kwanza, soma pishi lote mpaka nukta ya mwisho kabla hujamenya hata kiazi kimoja. Najua unaona kama nakuambia kitu cha darasa la kwanza lakini hapa ndo watu wengi tunapoharibikiwa. Pishi langu la kwanza lilikuwa saladi ya viazi, wageni wako njiani, nimefika mstari wa mwisho nakuta wameandika weka kwenye friji masaa manne. Tangu siku hiyo nasoma mara mbili, mara ya kwanza nasoma tu, mara ya pili nashika penseli napiga mstari chini ya kila kitu kinachotaka muda au kinachotakiwa kiwe tayari kabla: siagi iliyolainika, maziwa ya moto, oveni iliyopashwa, viazi vilivyopoa. Angalia pia orodha ya vitu vilivyoandikwa juu, mara nyingi maandalizi yamefichwa humo humo. "Viazi kilo moja, vilivyochemshwa na kumenywa" maana yake kuna nusu saa ya kazi ambayo hawakuihesabu kwenye muda wa pishi.

Hatua ya pili, geuza vipimo viwe vya kwako, na uandike pembeni kwa penseli ili usipige hesabu kila siku. Kitabu cha Marekani kinatumia kikombe cha kama mililita 240, vingine vinatumia 250, tofauti hiyo kwa viazi wala isikusumbue. Kijiko cha chai ni mililita 5, kijiko cha chakula ni 15. Paundi moja ni gramu 454, kwahiyo wakisema paundi mbili we weka kilo moja pungufu kidogo. Aunsi moja ni kama gramu 28. Joto la oveni ndo linalochanganya watu zaidi: Farenhaiti 350 ni Selsiasi 180 hivi, na 400 ni Selsiasi 200. Mtu akiweka oveni ya Selsiasi kwenye 350 kwa sababu kitabu kimesema 350, atatoa mkaa. Na kama oveni yako ina feni ndani, punguza nyuzi 20.

Mizani ndogo ya jikoni ukiweza kununua nunua. Kikombe kinafaa kwa maziwa lakini kwa viazi kinadanganya, viazi vilivyokatwa vikubwa vinaacha nafasi nyingi na vidogo vinajaa, kikombe ni kile kile lakini uzito ni mwingine kabisa.

Hatua ya tatu ndo yenye uzito kuliko zote na kitabu hakiwezi kukusaidia, nayo ni kuchagua kiazi. Viazi viko vya aina mbili kubwa na vingine viko katikati. Kuna vya unga, hivi vina wanga mwingi, ukichemsha vinapasuka na kumumunyika, ni vizuri kwa kuponda na kuoka na chipsi. Alafu kuna vya kukaza, vina maji zaidi, ukichemsha vinabaki na umbo lake, hivi ni vya saladi na mchuzi. Kitabu cha Uingereza kitakuambia tumia Maris Piper au King Edward, cha Marekani kitakuambia Russet, hizo zote kwao ni za unga. Yukon Gold ipo katikati. Sokoni kwetu hakuna anayekuandikia jina, utasikia tu vya Mbeya, vya Njombe, vya Lushoto, hilo ni jina la mahali vilipotoka na sio la mbegu. Walioko Kenya wao wana Shangi karibu kila soko, inaiva haraka sana na inachipua haraka pia, kwahiyo muda wa kuchemsha ulioandikwa kwenye kitabu kwa Shangi punguza na usiondoke jikoni.

Muulize muuzaji swali moja tu: mama, hivi vya unga au vinakaza? Anajua, maana wauza chipsi wanamsumbua kila siku kwa swali hilo hilo. Na kama unataka kuhakikisha mwenyewe nyumbani, chukua robo kikombe cha chumvi uikoroge kwenye vikombe viwili na robo tatu vya maji, weka kiazi kimoja kibichi kidogo. Kikizama ni cha unga, kikielea ni cha kukaza. Wanga ni mzito ndo maana. Mi nilifanya hivi na viazi vya wauzaji wawili wa soko moja, vyote vyekundu, vyote vimeandikwa bei moja, kimoja kikaenda chini moja kwa moja na kingine kikabaki juu kinacheza cheza. Nikaelewa kwanini viazi vyangu vya kuoka wiki moja vilikuwa vizuri na wiki iliyofuata vilikuwa kama sabuni.

Kabla ya kuendelea, viazi vya kijani usile. Ile rangi ya kijani inakuambia kiazi kimekaa kwenye mwanga, na kinapokaa kwenye mwanga kinatengeneza sumu pia, inaitwa solanini, na kuchemsha hakuiondoi. Pakiwa na kijani kidogo kata mbali pande hizo pamoja na macho yaliyochipua, pakiwa pengi tupa. Vihifadhi gizani penye hewa, kwenye kapu au gunia, sio kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Friji pia hapana kwa vya kukaanga na kuoka, baridi inageuza wanga kuwa sukari, ukivikaanga vinakuwa vyeusi nje kabla ndani hakujaiva. Kwa joto la Dar au Mombasa nunua vya siku chache, sado moja ya wiki inatosha familia ndogo.

Haya, hatua ya nne ni kuchagua pishi moja tu na kulipika mara tatu. Moja jamani, mara tatu! Usirukie kumi. Mi nashauri viazi vya kuponda, kwasababu vina vitu vichache na kila kosa linaonekana kwenye sahani.

Chukua kilo moja ya viazi vya unga, menya, kata vipande vinavyolingana, kama vya ukubwa wa yai la kuku. Kulingana kwa vipande kuna maana kuliko ukubwa wenyewe, maana kidogo kitarojeka wakati kikubwa bado kibichi. Weka kwenye sufuria, mimina maji ya BARIDI mpaka yafunike, tia chumvi kijiko kimoja cha chakula, ndo uwashe moto. Wengi tunazoea kutupia kwenye maji yanayochemka. Kwa kiazi hiyo inafanya nje kulainika na kuanza kuvurugika wakati katikati bado kunagoma. Maji yakianza kuchemka punguza moto yatokote taratibu, dakika 15 mpaka 20. Usiangalie saa tu, choma kwa kisu katikati ya kipande kikubwa ukiinue, kiazi kikiteleza chenyewe kikaanguka basi kimeiva, kikining'inia kwenye kisu kiachie dakika tatu nyingine.

Mwaga maji yote alafu rudisha sufuria jikoni moto mdogo kabisa dakika moja au mbili, unatikisa tikisa. Utaona viazi vinaanza kuwa vyeupe pembeni kama vimepakwa unga na mvuke unatoka mwingi. Hii hatua vitabu vingi vinaiandika kwa neno moja, "kausha", na mtu anaipita. Ndo inayotofautisha viazi vya kuponda na uji.

Ponda vikiwa vya moto, kwa mwiko mzito au kile kipondeo chenye matundu. Usitie kwenye blenda kabisa. Blenda inapasua vijumba vyote vya wanga kwa pamoja, wanga unamwagika, unapata kitu kinavutika kama mlenda na hakuna kinachoweza kukiokoa. Anza na siagi gramu 75 ipondwe humo mpaka ipotee, ndo ufuate na maziwa mililita 150 yaliyopashwa moto, kidogo kidogo, unaweza usiyamalize, kiazi chako ndo kitakuambia. Maziwa ya baridi yanapoza viazi na vinakuwa vizito. Malizia kwa chumvi na pilipili manga.

Ukishaipata hii, badilisha kitu kimoja tu raundi inayofuata. Mfano badala ya maziwa weka tui zito la nazi la moto, na siagi upunguze nusu, alafu ule na samaki wa kukaanga. Mi hiyo ndo ninayoipika nyumbani sasa hivi kuliko ile ya kitabuni. Ila nisingeifikia kama nisingepika kwanza ya kitabuni vile ilivyoandikwa, na ndo maana nasisitiza raundi ya kwanza fuata kitabu, usianze na ubunifu. Ukibadilisha vitu vitatu siku ya kwanza na pishi likaharibika hutajua kilichoharibu ni kipi.

Pishi la pili la kushika ni viazi vya kuoka vyenye ukoko, vile Waingereza wanakula Jumapili na nyama. Hapa nitakaa kidogo maana ndo pishi ambalo watu wanaogopa wakisikia oveni. Menya kilo na nusu, kata vipande vikubwa, chemsha kama mwanzo kwenye maji ya chumvi ila safari hii dakika 8 mpaka 10 tu, viwe laini nje na vigumu ndani. Ukitaka ukoko mkali zaidi tia bekingi soda nusu kijiko cha chai kwenye lita mbili za maji, bekingi soda sio bekingi pauda, inalainisha ngozi ya nje ya kiazi. Mwaga maji, viache kwenye chujio vitoe mvuke dakika tano. Alafu rudisha kwenye sufuria, funika, shika mfuniko kwa kitambaa utikise mara nne tano kwa nguvu. Fungua uangalie: kingo zote zimechakaa, zimekuwa na ungaunga kama ukuta uliopigwa rafu. Ule ungaunga ndo unaokunywa mafuta na kuwa ukoko. Kiazi kilichokatwa kikabaki nyororo pande zote bila ungaunga hakishiki ukoko hata ukioke mpaka kesho.

Wakati huo sinia la oveni liwe ndani na mafuta vijiko vya chakula vinne vitano, oveni iko 200 mpaka 220, mafuta yawe ya moto kiasi kwamba kiazi kikigusa unasikia chaaa. Panga visigusane, vikibanana vinapikana kwa mvuke vinabaki laini. Dakika 20 geuza, dakika 20 nyingine angalia, mara nyingi vinataka mpaka 50 hivi. Chumvi nyingine nyunyiza mwisho.

Huna oveni? Mi pia nilianza bila. Tumia moto wa juu na chini kama wanavyooka mkate wa kumimina, sufuria nzito kwenye jiko la mkaa, moto wa chini mdogo, alafu palia makaa mengi juu ya mfuniko wa bati. Kama theluthi moja chini na theluthi mbili juu. Mafuta yapate moto kwanza, panga viazi mstari mmoja, funika, palia, na kila dakika kama kumi na tano inua mfuniko kwa koleo taratibu, geuza, na ufute unyevu ulioganda ndani ya mfuniko maana ule unyevu ndo adui wa ukoko. Kwenye gesi ambapo huwezi kupalia, tumia fraipeni nzito, mafuta kiasi, moto wa wastani, ugeuze upande mmoja baada ya mwingine kwa uvumilivu. Havitafanana kabisa na vya oveni lakini ni vitamu na vinapiga kelele mdomoni.

Ukishika hayo mawili, mengine yanakuja haraka na sitaki kukuchosha nayo. Yale ya Kifaransa ya slesi nyembamba kwenye maziwa na krimu, gratini ya Dauphiné, kata slesi za milimita tatu hivi na USIZIOSHE baada ya kukata, ule wanga unaonata ndo unaofanya maziwa yawe mazito, paka sufuria kitunguu saumu, oveni 180 kwa saa moja na zaidi, au palia makaa kama nilivyosema. Kwenye chipsi ni kinyume chake, osha na loweka mpaka maji yawe safi kabisa, sio ya rangi ya maziwa, kausha kwa kitambaa mpaka viwe vikavu kweli, kaanga mara mbili, mara ya kwanza mafuta ya wastani mpaka vilainike bila kubadilika rangi, toa vipoe, mara ya pili mafuta makali dakika mbili tatu. Na saladi ya viazi chukua vya kukaza, chemsha na maganda yake, mimina siki na chumvi vikiwa bado vya moto maana vikipoa havinywi tena, mayonezi weka vikishapoa, na kwa joto letu usiiache mezani zaidi ya masaa mawili.

Siki nimeitaja makusudi. Kitu chochote kichachu, ndimu, ukwaju, nyanya, kinakizuia kiazi kulainika. Ndo maana kuna mchuzi unapika saa nzima viazi bado vinagoma kwasababu ulianza na nyanya nyingi. Kwenye viazi vya nazi vya kwetu chemsha viazi kwanza mpaka karibu viive, ndo tui liingie, na ndimu ikamuliwe mwisho kabisa jiko limeshazimwa. Mama zetu walishafanya hivyo siku zote bila kitabu, mi nilikuja kuelewa sababu yake kutokea kwenye viazi vya kitabu.

Hatua ya mwisho ni penseli tena. Ukimaliza kula, kabla ya kuosha vyombo, andika pembeni ya pishi. Kwenye ukurasa wangu wa viazi vya kuoka pameandikwa: "Dk 45 haitoshi, weka 60. Viazi vyekundu vya yule mama wa kona. Mafuta 4 sio 6. Makaa ya juu ongeza ukigeuza mara ya pili." Chini yake tarehe. Raundi ya tatu nilipika kwa hayo maandishi na sikusoma tena kilichochapishwa.

Na vile vya kuponda vikibaki usitupe. Vilivyolala usiku vimekaza, vitie kitunguu saumu, pilipili, kotmiri, ndimu kidogo, finyanga vidonge vya ukubwa wa ndimu. Koroga unga wa ngano na maji, chumvi na bizari kidogo mpaka uwe mzito wa kushika kijiko, chovya, tumbukiza kwenye karai la mafuta ya moto. Kiazi kimeshaiva ndani kwahiyo unasubiri ganda la nje tu likaze na kupata rangi, unaepua, unakula kachori zako na chatne ya nazi.